Kwa nini kwenye komedi za Kifilipino mapenzi ya wawili yanakuwa ya mtaa mzima

Swali lenyewe hili hapa, nimelifupisha kidogo tu:

"Habari kaka mtaalam, mimi msomaji wako kutoka Morogoro. Juzi nimeangalia muvi ya kuchekesha ya Kifilipino, jina sikulishika, kuna kijana anaendesha zile pikipiki zao zenye kibehewa pembeni, anampenda binti wa mwenye duka. Sasa muvi nzima hawapati hata dakika tano za kuwa peke yao, kila kona kuna mama, bibi, watoto, walevi, kaka wa saluni, mpaka mkubwa wa mtaa naye anaingia. Kijana anachota maji na kupasua kuni kwa kina binti, mama anamuangalia tu. Mwisho mama anampakulia wali bila kusema neno, muvi imeisha, hata busu hamna. Nimecheka ila nimebaki na maswali, kwa nini mapenzi yao yanakuwa ya mtaa mzima? Hilo la wali ndo kakubaliwa au? Na mbona tamthilia zao nilizokua nazo ni matajiri na machozi tu? Nianzie wapi nikitaka hizi za mtaani?"

Asante sana dada yangu, umeangalia kwa jicho kali kweli, maana hayo uliyoyaona kama yanawazuia wale wawili ndo muvi yenyewe. Nikujibu moja kwa moja: kwenye hizi komedi kijana hamtongozi binti peke yake, anautongoza mtaa. Binti mara nyingi ameshampenda mapema tu, unaona anavyojifanya kununa huku anachungulia dirishani, kwahiyo swali la kama anampenda au hampendi halina uzito. Swali zito ni kama mama atakubali, bibi atakubali, majirani watakubali, na kila mmoja ana sababu zake na kila mmoja ana mdomo. Ukishaishika hiyo, muvi uliyoiona inabadilika kabisa, utaona kila mtu anayekatiza mbele ya kamera ana kura yake.

Tuanze na mtaa wenyewe. Ufilipino nchi nzima imegawanywa kwenye barangay, ziko zaidi ya 42,000, ndo ngazi ya chini kabisa ya serikali, na kila barangay ina kapteni anayechaguliwa kwa kura pamoja na wajumbe wake 7. Yule mkubwa wa mtaa uliyemuona ni huyo. Na hajaingia kwenye stori kwa bahati mbaya, kuna sheria ya tangu 1978, baadaye ikaingizwa kwenye sheria kubwa ya serikali za mitaa ya 1991, inayosema ugomvi mwingi wa majirani lazima upite kwanza kwenye usuluhishi wa barangay kabla haujafika mahakamani, na pale kwenye usuluhishi mawakili hawaruhusiwi, kila mtu aje ajisemee mwenyewe. Hebu fikiria mwandishi wa komedi anapewa zawadi gani hapo! Unawaweka chumba kimoja watu wawili wanaogombania jogoo, deni la duka au maneno ya umbea, hakuna mwanasheria wa kuwapunguza, majirani wamejaa mlangoni na dirishani, kapteni anajaribu kuwa mkali huku mmoja wa wagomvi ni shangazi yake. Ndo maana ofisi ya barangay utaikuta kwenye hizi muvi mara nyingi, na mara nyingi siri ya mapenzi inalipukia hapo hapo, mtu anamtetea binti kwa nguvu kupita kiasi mpaka ukumbi mzima unanyamaza alafu unaguna.

Alafu duka. Lile duka la kina binti linaitwa sari-sari, ni chumba cha mbele cha nyumba kimezibwa kwa nondo au wavu, unaagizia kwenye kitundu. Wanauza kidogo kidogo, sigara moja moja, shampuu ya kipakiti, siki ya kwenye kifuko, na wanakopesha, kuna daftari. Kwahiyo mwenye duka anajua kila kitu, nani kala nini leo, nani kaishiwa, nani ghafla kaanza kununua manukato. Mwandishi akitaka habari isambae hahitaji kufanya kazi kubwa, anampeleka mtu mmoja dukani na kesho yake mtaa mzima unajua. Na pale pembeni wanakaa wale jamaa wa kona, wanakunywa kwa glasi moja inayozunguka, na ng'ambo ya barabara wapo madereva wa hizo pikipiki wakisubiri zamu, maana wana chama chao na wanapanga foleni. Kijana wako hajampenda binti wa duka kwa sababu muvi imetaka tu, foleni yao inaangaliana na duka, amekaa pale siku nzima akimuona anavyopima mchele. Waongozaji wazuri wanatengeneza mapenzi kutoka kwenye ramani ya mtaa, nani anamuona nani kutoka wapi, na mimi hilo ndo nalipenda kuliko yote kwenye hii aina ya filamu.

Sasa kuni na maji. Hiyo ni desturi ya zamani kabisa ya uchumba, kijana anaenda kuhudumia nyumba ya binti, anachota maji, anapasua kuni, anarekebisha paa, hapewi hela na haruhusiwi kulalamika. Ilikuwepo pia ya kwenda usiku chini ya dirisha na gitaa pamoja na marafiki kuimba. Siku hizi Manila hakuna mtu anaishi ivo kila siku, lakini watazamaji wote wanaijua, kwahiyo muvi ikitaka kusema "huyu kijana ana nia" haimpi maneno matamu, inampa ndoo. Na kichekesho kinatoka kwenye kazi kumshinda, anapiga shoka linakwama, ndoo inamwagika mbele ya bibi, anapanda juu ya paa anaangukia kwenye kamba ya nguo za mama mkwe. Lakini angalia tena, hakuna anayemfukuza. Kila aibu anayoipata hadharani inamuongezea pointi, maana amekubali kuonekana mjinga mbele ya watu kwa ajili ya huyu binti, na mtaa umeona.

Kitu kingine cha kuangalia ni mlango. Kijana akiingia, je anauchukua mkono wa mama na bibi na kuuweka kwenye paji la uso wake? Ile ni heshima kwa wakubwa, inafanya kazi ile ile ya shikamoo yetu, na kijana anayeisahau ameshaharibu hata kabla hajakaa. Waigizaji wa komedi wanaichezea sana hii, bibi anauvuta mkono wake kwa kuudhika, au anaunyoosha kabla hajaombwa, na ukumbi wa sinema unapiga kelele kwa sababu wameshasoma matokeo.

Hapo ndo tunafika kwenye wali. Jibu ni ndio, kakubaliwa, ila nikueleze kwa nini nina uhakika. Wafilipino wakikukuta wakati wa kula watakukaribisha tu, hata ukipita nje, hata wakiwa hawakufahamu, na mtu mwenye adabu anashukuru na kuendelea na safari. Kwahiyo maneno ya karibu chakula peke yake hayana uzito. Lakini mama huyu hakumkaribisha, wewe mwenyewe umesema hakusema neno, kampakulia kabisa. Anayekaribishwa kwa mdomo ni mgeni, anayepakuliwa bila kuulizwa ni mtu wa nyumbani. Kama muvi uliyoiona ni ya mwongozaji makini nakushauri uirudie uangalie na anakaa wapi, mara nyingi dakika za mwanzo kijana anakunywa maji akiwa amesimama mlangoni au kwenye ngazi, alafu polepole anasogea ndani, na mwisho kakaa mezani na watoto.

Umeuliza kwa nini familia inakaba ivo. Kuna ukatoliki, ndio, kama watu wanane kati ya kumi kule ni Wakatoliki, lakini angalia na sheria pia. Ufilipino mpaka leo sheria ya nchi haina talaka kwa raia wasio Waislamu, kuna kubatilisha ndoa mahakamani tu, ni gharama na inachukua muda mrefu. Maana yake ukikosea mume umekosea kweli kweli. Na sheria yao ya familia ya 1987 inasema mwenye umri wa miaka 18 mpaka 21 hawezi kuoa wala kuolewa bila ridhaa ya wazazi, na wa 21 mpaka 25 anatakiwa aombe ushauri wao, wakikataa au asipouomba leseni ya ndoa inacheleweshwa miezi 3. Mama wa kwenye muvi anapokunja uso ana nguvu ya kweli mkononi, sio roho mbaya. Kwenye baadhi ya hizi filamu kilele hakiko kwenye harusi, kiko kwenye siku familia ya kijana inakuja na vyakula kuomba rasmi, koo mbili kwenye sebule ndogo, kila upande unajikweza, mjomba mmoja ameshalewa, na nakuhakikishia ukipata muvi yenye hiyo sehemu ikaigizwa vizuri utacheka mpaka mbavu ziume maana sisi tunaotoka kwenye mambo ya posa na mahari tunaelewa kila jicho linalopigwa pale.

Kuhusu busu, sababu moja ni biashara. Kila mwaka kuanzia tarehe 25 Desemba kuna tamasha la filamu la Metro Manila, lilianza 1975, na kwa takriban wiki mbili majumba ya sinema yanaonesha filamu za nyumbani tu. Watoto wamepewa hela za Krismasi, familia nzima na bibi wanaenda sinema, kwahiyo komedi nyingi zinatengenezwa bibi na mjukuu waweze kukaa siti moja, na bodi ya kukagua filamu isiwape daraja la watu wazima. Sababu ya pili ni ladha. Watazamaji wa kule wanapenda ule mtetemo wa kabla, vidole vinakaribia kugusana kwenye kibehewa cha pikipiki alafu abiria mwingine anajibana katikati. Wenyewe wana neno lake, kilig. Ukishabusu umeshamaliza, ndo wanavyoona, kwahiyo mwandishi anachelewesha na mtaa ndo chombo chake cha kucheleweshea.

Na kama unadhani nakuza mambo nikupe mfano uliotokea kweli. Mwaka 2015 kulikuwa na kipindi cha mchana cha televisheni, Eat Bulaga, ambacho kina sehemu ya kwenda kwenye barangay kuwapelekea watu zawadi. Kule mtaani kulikuwa na mchekeshaji Wally Bayola amevaa kama bibi tajiri anaitwa Lola Nidora, na msichana anaitwa Maine Mendoza anacheza kama mhudumu wake, haongei, anaigiza kwa midomo tu sauti za watu wengine. Studio kulikuwa na kijana Alden Richards. Siku moja ya mwezi wa Julai Maine akajiona kwenye skrini anaangaliwa na Alden, akatabasamu na kuona aibu pale pale laivu, na watu wakaona. Kuanzia hapo ikawa mapenzi ya skrini iliyogawanywa mara mbili, wanaandikiana kwenye makaratasi, bibi anawazuia wasionane, anawapa masharti, anawaambia kila kitu kina wakati wake. Tarehe 24 Oktoba mwaka ule ule wakafanya onyesho kwenye ukumbi wa Philippine Arena na siku hiyo zikaandikwa tweet kama milioni 41 kuhusu wao. Milioni 41! Na kilichowavutia watu wote hao ni kile kile ulichokiona wewe, kijana, binti, bibi mkali, na mtaa umesimama unaangalia.

Tamthilia ulizokua nazo ni tawi lingine la mti huo huo. Zilizofika kwetu sana ni zile za televisheni za mfululizo, mfano Pangako Sa 'Yo ya 2000 mpaka 2002, ambayo wengi huku waliijua kama The Promise, ya Angelo na Yna. Zile zimejengwa juu ya jumba la kifahari, urithi, mtoto aliyepotea na kisasi, na zinauzika nje kirahisi kwa sababu machozi hayahitaji maelezo mengi. Komedi ya mtaani inategemea ulimi, wanachanganya Kitagalogi na Kiingereza kwenye sentensi moja, wanachezea majina ya matangazo ya biashara na wanasiasa wao, yule kaka wa saluni ana misamiati yake kabisa, kwahiyo ikitafsiriwa nusu ya utani inadondoka njiani. Ndo maana hazikusafiri sana.

Lakini nyumbani kwao hii ndo asili yenyewe, na huwezi kuiongelea bila kumtaja Dolphy, jina lake kamili Rodolfo Quizon, kazaliwa Tondo, Manila, 1928, akafariki 2012, mfalme wa vichekesho wa kule bila ubishi. Kwenye John en Marsha, iliyoanza 1973 na kudumu mpaka 1990, aliigiza mume maskini anayeishi kwenye kibanda na mke wake mpenzi Marsha, aliyeigizwa na Nida Blanca, huku mama mkwe tajiri Doña Delilah akija kila mara kumsimanga ajitahidi maishani. Baadaye ikaja Home Along da Riles, 1992 mpaka 2003, mjane mwenye watoto wengi anaishi pembeni kabisa ya reli, treni ikipita nyumba nzima inatikisika, na jirani yake, Nova Villa, anampenda waziwazi mtaa mzima unajua. Dolphy hakuwahi kumchezea maskini kama mtu wa kuhurumiwa, alimchezea kama mtu mwenye aibu zake, heshima yake na maneno yake, na kila kijana wa ndoo na kuni unayemuona leo anatembea kwenye nyayo zake.

Kuna mambo mawili yananikera na siwezi kuyaacha. La kwanza ni hao jamaa wa kona kumpigia binti miluzi na kumsukumia kijana, "mkubalie bwana, mkubalie", mpaka binti anachoka na kukubali, na muvi inasema ni tamu. Sio tamu. Wafilipino wenyewe wameliona, mwaka 2019 walitunga sheria inayoadhibu miluzi na matusi ya mapenzi kwa wanawake barabarani, na natamani waandishi wa komedi waifuate kwa haraka zaidi. La pili ni yule kaka wa saluni. Mara nyingi ndo anayepeleka barua, anayempamba binti, anayetoa ushauri wenye akili kuliko wote, alafu yeye mwenyewe hapewi wa kumpenda, anaishia kuchekwa tu. Kwa aina ya filamu inayojivunia kuwa kila mtu wa mtaa ana nafasi, hilo ni pengo kubwa, na baadhi ya waongozaji wa miaka ya karibuni wameanza kuliziba.

Sasa uanzie wapi. Mimi ningekuambia anza na Ang Tanging Ina ya 2003, ya Wenn Deramas, Ai-Ai delas Alas anaigiza mama wa watoto 12 aliyefiwa na waume, ni kelele mwanzo mwisho, watu wanajaa kwenye nyumba moja, na mapenzi yanapita katikati ya hiyo vurugu. Ukishazoea mwendo huo nenda kwenye Kita Kita ya 2017, ya Sigrid Andrea Bernardo, hii itakushangaza. Wapo wawili tu, Alessandra de Rossi na mchekeshaji Empoy Marquez, majirani wa Kifilipino wanaoishi ng'ambo kwa ng'ambo huko Sapporo, Japani. Binti anapoteza uwezo wa kuona kwa muda, na jirani anaanza kumletea chakula mlangoni. Hakuna bibi, hakuna duka, hakuna kapteni, na ukishaelewa niliyoyasema hapo juu utaona jamaa anavyofanya kazi ya mtaa mzima peke yake, anapika, anavumilia kufukuzwa, anachekesha, anarudi tena kesho. Iliingiza zaidi ya peso milioni 300, na Empoy sio yule mwanaume mzuri wa mabango, watu walimpenda kwa sababu wanamjua, ni yule kijana wa ndoo. Usisome muhtasari wake kabla, nakuomba.

Ya tatu iwe Hello, Love, Goodbye ya 2019, ya Cathy Garcia-Molina. Sio komedi tupu, jiandae, lakini ndo inayoonesha mtaa unaenda wapi watu wakiondoka kwenda kutafuta maisha. Kathryn Bernardo ni mfanyakazi wa ndani Hong Kong anayehangaika afike Canada, na kijana anayempenda ni Alden Richards, yule yule wa makaratasi na bibi Nidora. Wasomaji walioko Dubai, Muscat na Doha wanaofanya kazi bega kwa bega na Wafilipino wataitambua haraka, maana wale marafiki wa siku ya mapumziko wanaokaa chini kwenye kadibodi na vyombo vya chakula, wanaosukana, wanaoulizana "vipi yule kijana", ndo barangay iliyohamia barabarani kwenye nchi ya watu.

Ziangalie na maandishi ya Kiingereza chini, usitafute iliyowekewa sauti juu, hata kama utapitwa na baadhi ya maneno sauti zao ni nusu ya uigizaji. Chaneli ya YouTube ya kampuni ya Star Cinema huwa inaweka baadhi ya filamu zake nzima, anzia hapo kabla hujalipia kitu. Na ukilipata jina la ile muvi ya kwanza niletee, nataka sana kumjua huyo mama aliyepakua wali ni nani.